Kiatu Kimoja Sakafuni

Jumanne, 3 Februari

Kaka,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, na barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Baba hasikii.

Sisemi hasikii vizuri. Hasikii. Sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia hushika radi na mlango ukibamizwa, basi. Miaka ishirini na sita kati ya mashine za kufuma imeyamaliza masikio yake. Niligundua mwaka juzi, sufuria ilipoanguka nyuma yake. Mfuniko ulizunguka sakafuni mpaka ukatulia wenyewe, naye akaendelea kukata kucha. Nilikwenda kusimama mbele yake nikamuuliza. Hakukataa. Alisema, "Hili libaki ndani ya kuta hizi. Likitoka hili, na kazi imetoka."

Tangu hapo nimekuwa masikio yake ya nyumbani. Simu ikilia namgusa bega. Mtu akibisha hodi natangulia mimi. Anaongea na watu kwa kuwatazama midomo, ndiyo maana hukaa penye mwanga, na ndiyo maana mtaa mzima unamsifu kwamba ni mtu wa kusikiliza wenzake. Kiwandani ana njia yake. Huvua kiatu cha mguu wa kulia akasimama na soksi. Sakafu ya ukumbi wa kufuma inatetemeka, na anasema kila mashine ina mtetemo wake. Uzi ukikatika au nati ikilegea, anajua kwa unyayo kabla mwenye masikio mazima hajageuka. Wenzake wanadhani ana kidole kibovu. Anayejua ukweli ni Baba mdogo peke yake, ambaye kiwandani wanamwita Mzee Miwani. Meza yake ya kukagua vitambaa iko nyuma ya mashine za Baba. Msimamizi akija au mtu akimwita Baba, Baba mdogo hupiga mguu sakafuni mara mbili, na Baba hugeuka kama aliyesikia.

Nakwambia kwa sababu ya Jumapili. Ulipopiga simu kusema umefaulu mitihani, mimi nilikuwa nimetumwa mkate. Alipokea mwenyewe. Wewe ukasikia akijibu, "Sawa, nitaufunga vizuri." Nafikiri alidhani unamuuliza habari za ule mlango wa nyuma uliolegea. Kisha ukamtumia meseji ukimrudishia jibu hilo na kusema hajali tena mambo yako. Ameisoma mara nyingi, Kaka. Aliiweka simu sikioni dakika nne nzima, akisikiliza asichokisikia, kwa kuwa ilikuwa wewe.

Naandika barua kwa sababu simu ni yake na meseji zote anazisoma. Na pia unanijua, mtu akinitazama, mdomo wangu hujifunga. Nimempa barua hii mpokeaji wa vifurushi pale kituo cha mabasi.

Tafadhali apa kwamba hutamwambia mtu.

Mdogo wako,
Karani

*

Alhamisi, 12 Februari

Karani wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye korido ya bweni na nimeona aibu kiasi kwamba nilijifanya natafuta funguo. Miaka yote nimekuwa nikijisemea Baba amekuwa mzito na amenichoka. Naapa kwa kaburi la Mama, sitamwambia mtu. Wewe umebeba hili peke yako miaka miwili, na wakati huo mimi nilikuwa nakutania kwamba unaishi ndani ya vitabu kama nondo, nikakubandika na jina la Karani.

Sasa na mimi nina habari. Muhula huu somo letu kubwa ni kusaidia makampuni yanayobadilika. Wanafunzi tunagawanywa watano watano, kila kundi linapewa kampuni moja: mitambo mipya inaingia, au idara zinaunganishwa, au watu wanahamishwa. Sisi tunapeleleza wafanyakazi wanaogopa nini, kisha tunaiandikia menejimenti ripoti, mabadiliko yapite bila kuumiza watu. Mhadhiri aliweka karatasi ndani ya kofia. Kiongozi wa kundi letu akachomoa. Ni kiwanda cha Baba!

Sijamwambia mhadhiri kwamba baba yangu yumo. Angenitoa kwenye kundi. Wenzangu wanne watakuja huko wiki ijayo. Mimi nitabaki hapa kuandika ripoti, maana nikifika getini tu Baba mdogo atapaza sauti kuuliza kama nimeoa.

Usimwambie Baba. Niandikie ukumbi unaendaje, wanaongeaje katikati ya kelele ile, nani anamsikiliza nani. Kwa mara ya kwanza yale ninayosoma yatamfaa mtu wa nyumbani kwetu.

Kaka yako

*

Jumapili, 22 Februari

Kaka,

Wenzako walikuja wamevaa vizibao vya njano. Ukumbini wamekwishapewa jina, "vifaranga". Baba aliporudi jioni alikuwa na mengi ya kusimulia kuliko wiki nzima.

"Kafaranga kamoja ka kike kakaniuliza kitu," alisema, "kameziba mdomo kwa daftari. Nikaona nikikaa kimya itakuwa balaa. Nikakajibu, saa nane mchana."

"Kalikuwa kanauliza nini?"

"Baba yako mdogo ananiambia kaliuliza, unajisikiaje kuhusu mabadiliko. Na kaliandika jibu langu!"

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Ukiona kwenye fomu zenu mtu anajisikia saa nane mchana, huyo ni baba yako.

Uliuliza wanaongeaje. Wanaongea kwa mikono. Vidole viwili vikikata hewani, uzi umekatika. Kiganja kikipangusa paji la uso, msimamizi anakuja. Ngumi begani, nisaidie kubeba. Kuna na ishara ya kumsema mtu mchoyo, sitaichora hapa. Baba anasema humo ndani wote ni viziwi kuanzia saa moja asubuhi, tofauti ni kwamba wengine hupona jioni.

Lakini alipomaliza kucheka aliniambia jambo jingine. Wameonyeshwa picha za mashine mpya. Hazitetemeshi sakafu. Zimewekwa juu ya vipande vya mpira, zinakwenda kimya, na kitu kikiharibika zinalia, kila hitilafu na mlio wake. Aliuliza kama zina taa. Fundi aliyeleta picha alimjibu, "Mzee, taa ya nini, si utasikia?"

Kaka, hamwezi kuandika kwamba ziwekwe taa? Taa tu. Msiseme kwa nini.

Jioni hii Baba na Baba mdogo wamecheza drafti kama kila Jumapili, Baba na vifuniko vya chupa vyekundu, Baba mdogo na vya buluu. Baba alishinda mara mbili. Baba mdogo alisema, "Wewe unaniibia kwa sababu mimi naona mbali tu, karibu sioni." Wanafanana hao, kila mmoja ana kitu chake kilichoharibikia kule.

Karani

*

Jumatatu, 2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya zaidi ya taa. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Darasani tulisoma kisa cha mfanyakazi wa kiwanda fulani ambaye hakusikia mlio wa hatari. Mashine ilimchukua mkono mpaka kwenye kiwiko. Mhadhiri alipokuwa anasoma nilikuwa namwona Baba, na soksi yake. Kwenye sakafu isiyotetemeka, hiyo soksi itamwambia nini?

Basi nimeandika ukurasa wa tisa. Unasema wafanyakazi wote wa ukumbi wa kufuma wapimwe masikio kabla mitambo mipya haijawashwa. Sikutaja jina la mtu, hata nambari ya mtu. Ukurasa wa kumi unasema wale watakaoonekana wameathirika wasifukuzwe, kwa kuwa waliumizwa na kazi hiyohiyo. Wapewe mashine zenye taa, au wahamishiwe kwenye kukagua vitambaa, ambako macho ndiyo kazi. Hebu fikiria! Baba meza moja na Baba mdogo. Hatakuwa na haja ya kujificha tena.

Ijumaa wenzangu waliiwasilisha mbele ya meneja, wakaja kunisimulia. Kiongozi wetu alipofika ukurasa wa tisa, meneja aliacha kuchezea kalamu akasema, "Hili ni la maana sana. Hatukuwahi kulifikiria." Walitupigia makofi.

Sikuvunja kiapo. Sikumtaja mtu.

Kaka yako

*

Alhamisi, 5 Machi

Kaka,

Ufute ukurasa wa tisa. Rudi kwa meneja, mwambie mlikosea hesabu, sema lolote.

Hukumtaja mtu, lakini umeandika mashine itakayomtaja. Baba hakuomba kutokujificha. Aliomba kazi.

Tafadhali.

Karani

*

Jumatatu, 9 Machi

Karani,

Ripoti si barua yangu, siwezi kuichana. Imeshatoka mikononi mwetu, ni mali ya kampuni. Nikienda kusema lolote nitaulizwa najuaje, na jibu litamtaja Baba kuliko karatasi yoyote.

Tulia kwanza. Unaogopa kwa sababu unasoma ukurasa wa tisa peke yake. Kurasa hizi mbili ni pacha, wa tisa hauna maana bila wa kumi. Menejimenti iliusikia wote. Walitikisa vichwa kukubali, nimeambiwa na watu waliokuwamo. Kuna watu wazuri kwenye ofisi zile, mdogo wangu, si kila aliyevaa tai ni adui.

Soma kwa ajili ya mtihani wako, haya mengine niachie mimi.

Kaka yako

*

Jumamosi, 28 Machi

Kaka,

Sikuandika siku zote hizi kwa sababu sikujua nianze wapi. Naanza na chumba.

Ni kile chumba cha nyuma cha zahanati ya kiwanda, wanapoweka vitanda vilivyovunjika. Waliingia mmoja mmoja. Unavalishwa vitu masikioni, unaambiwa ukisikia mlio, inua mkono. Baba alikuwa ameshapanga. Alimtazama muuguzi kidole, na kila kilipobonyeza, yeye akainua mkono. Aliinua mkono mara saba bila kukosea hata moja. Muuguzi alitabasamu akamwambia, "Mzee una masikio ya paka." Kisha akasema kitu ambacho Baba hakukiona vizuri, akaja akakigeuza kiti kikaelekea ukutani.

Baba anasema ukuta ule umepakwa rangi ya kijani mpaka nusu, na juu yake kuna msumari. Aliutazama ule msumari. Hajui alikaa muda gani. Aliinua mkono mara mbili kwa kubahatisha.

Walioshindwa ni kumi na wawili. Jumatatu walipewa barua, maneno ni yaleyale kwa wote: "Hafai kwa mitambo mipya kwa sababu za usalama." Mwisho wao ni tarehe thelathini na moja. Hakuna aliyesikia habari ya taa wala ya kuhamishwa. Baba alimuuliza msimamizi kuhusu kukagua vitambaa, yeye mwenyewe aliwaza hilo bila kuambiwa na ripoti yako, na msimamizi akasema kwamba nako mashine itaona yenyewe.

Hayo pengine unayajua. Hili hulijui.

Baba anaamini aliyemsema ni Baba mdogo. Anasema miaka yote hakuna aliyewaza masikio, mpaka siku ya vizibao vya njano, na siku hiyo yule kijana mrefu wa kundi lenu alikaa kwenye meza ya Baba mdogo karibu saa nzima, wakiongea, Baba mdogo akionyesha huku na kule. "Aliyejua ni mmoja tu," Baba ameniambia. Mimi nilikuwa nakunja nguo zake. Alisema ni mmoja tu, Kaka. Mimi hakunihesabu.

Alivitia vifuniko vya buluu kumi na viwili ndani ya bahasha akanipa nimpelekee. Nilipeleka. Baba mdogo aliimimina mezani, akavitazama, akauliza, "Vyekundu je?" Nikasema Baba amebaki navyo.

Jana alikuja mwenyewe. Alibisha, nikafungua. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Baba mdogo alivua kofia akasema, "Ndugu yangu, hebu nitazame." Baba aligeuza uso ukutani. Kwa mtu anayesikia kwa macho, kugeuza uso ni kufunga mlango na kuweka komeo. Baba mdogo alisema maneno mengi kwenye kisogo kile. Mimi tu ndiye niliyeyasikia. Mwishoni alipiga mguu sakafuni mara mbili. Mabega ya Baba yalishtuka lakini hakugeuka.

Niambie nifanye nini.

Karani

*

Jumamosi, 4 Aprili

Mdogo wangu,

Sijala vizuri tangu barua yako. Nilikwenda kwa kiongozi wa kundi, akaniletea nakala ambayo kampuni ilimrudishia mhadhiri. Inaanza ukurasa wa kwanza mpaka wa tisa. Wa kumi haumo. Nilimuuliza wa kumi uko wapi, akasema, "Mteja huchukua kinachomfaa. Tulishauri, hatukuamrisha." Mhadhiri ametupa alama ya juu kuliko makundi yote, na ametumia ukurasa wa tisa kufundishia.

Nataka kuja nipige magoti mbele ya Baba. Lakini nisikilize. Nikisema sasa, habari itafika chuoni kwamba nilificha baba yangu yumo kiwandani na kwamba nilitumia siri ya nyumbani. Kuficha hivyo ni kosa la kufukuzwa. Imebaki miezi miwili na nusu nimalize. Baba ameshapoteza kazi, tukipoteza na chuo itakuwa imefaa nini?

Nyamaza mpaka Juni. Nikipata karatasi yangu nitakuja mimi mwenyewe, nitasema yote, nitampatanisha na Baba mdogo. Baba mdogo ni mtu mzima, ataelewa. Undugu wao hauwezi kufa kwa miezi miwili.

Nakuomba kama ulivyoniomba. Apa.

Kaka yako

*

Jumapili, 19 Aprili

Kaka,

Siapi. Nimekuwa na siri moja nikakupa wewe nusu, na tazama. Nakueleza nilichofanya, kwa mpangilio.

Jumatano baada ya shule nilikwenda kwa Baba mdogo na sare yangu. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi nisije nikanyamaza mlangoni, na kweli nilinyamaza, ikabidi nimpe karatasi. Aliisogeza mbali, akaisoma mkono umenyooka.

Kisha akasema, "Nilijua si mimi. Kwa hiyo nilibaki na mtu mmoja wa kumfikiria. Nikaamua nisimfikirie, kwa sababu ni mtoto."

Nilimwambia samahani. Akasema, "Yule kijana mrefu aliniuliza habari za madoa ya mafuta kwenye kitambaa. Saa nzima, madoa ya mafuta. Baba yako angeniuliza ningemwambia."

Nikamwambia nakwenda kumweleza Baba leo hii. Akavua miwani akaifuta. "Miaka kumi na tisa nimempigia sakafu mpaka goti hili limekwisha. Yeye kunipima kulimchukua siku moja."

Nilikwenda nyumbani. Nilimwomba Baba akae penye mwanga. Nilimwambia polepole, nikifungua mdomo vizuri. Nilianza na mimi, nikamaliza na wewe, sikuruka ripoti, sikuruka makofi, na ukurasa wa kumi pia niliutaja kwa sababu ni kweli uliuandika. Nilipomaliza alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Sijui kama hakunielewa au alitaka nibadilishe. Nilirudia mara tatu, yaleyale.

Aliuliza jambo moja. "Ile Jumapili, kaka yako alikuwa ananiambia nini kwenye simu?"

Nikasema, "Kwamba amefaulu."

Alitikisa kichwa. Siku tatu hakunitazama, na unajua maana yake. Nilipika, nikaweka chakula mbele yake, nikaondoka.

Leo Jumapili alichomoa ubao wa drafti chini ya kitanda. Alipanga vyekundu upande wake, vyote kumi na viwili. Upande wa pili akauacha mtupu. Kisha akavua kiatu cha mguu wa kulia, na soksi pia, akaweka unyayo kwenye saruji karibu na mlango. Alikaa hivyo tangu saa tatu asubuhi, akisubiri mguu upige mara mbili. Kila mpita njia akikanyaga nje niliona vidole vyake vikijikunja.

Saa kumi nilishindwa. Nilikwenda kwa Baba mdogo. Alikuwa ametoka kuoga, anachana nywele. Bahasha ilikuwa palepale mezani. Sikuwa na karatasi safari hii. Nilisema, "Baba amevua kiatu."

Alijua nasema nini. Hakuna mtu mwingine duniani angejua. Alisimama na kile kitana mkononi, nikaona kama anatafuta kofia kwa macho. Halafu akakaa.

"Mwambie avae," akasema.

Nilirudi. Njiani nilifikiri uongo mwingi mzuri: hakuwepo, ana mgeni, goti linamuuma, amesema Jumapili ijayo. Vitabu nilivyosoma vimenipa maneno ya kutosha kwa hilo. Lakini nilipofika nilikaa mbele ya Baba, penye mwanga, nikasema polepole, "Amesema uvae kiatu."

Baba alitazama mdomo wangu muda kidogo, kama anasubiri uendelee. Kisha akavaa soksi, akavaa kiatu, akafunga kamba. Mimi nikakusanya vifuniko vyekundu nikavirudisha kwenye mkebe wake, nikakaa kukuandikia barua hii. Kesho asubuhi kabla ya shule nitaipeleka kituoni.

Mdogo wako